Feni Iliyosukuma Khanga

Leo kwenye gereji moja hapa Mikumi nimenusa mkanda wa injini ukiungua, na hasira zikanipanda upya.

Baba alikuwa na lori la zamani la kubebea vitunguu vya Malolo. Siku moja fundi alitoa mikanda ya injini yake mitatu, akafunga mmoja mrefu unaozungukia kila kitu. Pampu ya maji, yenye feni yake, sasa ilizungushwa na mgongo wa mkanda, yaani upande wake wa nje. Lori lilipowashwa, mama alisogeza ncha ya khanga mbele ya rejeta, kama kawaida yake. Siku zote feni iliivuta. Siku hiyo iliisukuma.

"Baba watoto, feni inazunguka kinyume. Pampu nayo itakuwa hivyo, haitasukuma maji ya kupoza injini."

"Shemeji, hii ni injini, siyo sufuria," fundi alisema.

Baba akacheka, akaenda kupakia. Mlima wa kwanza tu, maji yakachemka, injini ikanoki, haikuwaka tena.

Jioni baba aliwaambia majirani kuwa mke wake ana mdomo mbaya, ndiye aliyelitabiria lori kuharibika. Wakamtazama vibaya mama, aliyekuwa akiwamiminia chai.

Nami nikamtazama hivyo hivyo.