Uso Uliotulia

Pale kwenye karakana ya ushonaji walimwita Pini, na jina likamkaa kama kola iliyopigwa pasi. Tangu alipoachishwa shule akiwa binti mdogo na kuketishwa nyuma ya cherehani, pini zake alizitunza mdomoni. Mafundi wengine walikuwa na mito midogo ya kuchomekea pini. Yeye akimpunguzia mteja gauni alipiga magoti, akabana pini kati ya midomo, akawa anachomoa moja moja bila kuangalia, huku anapiga soga kwa pembe ya mdomo.

"Siku ukipiga chafya," fundi mkuu alimwambia, "mteja wetu atageuka nungunungu."

Kazi hiyo iliacha alama. Miaka thelathini alikuwa bado hajaifikia, lakini midomo yake ilizungukwa na mikunjo kama mdomo wa mfuko uliokazwa kamba. Kukodolea macho sindano kukampa mistari mingine katikati ya nyusi. Kisha akaugua, akakonda ghafla, na alipopona mashavu yalibaki yamelegea kama bitana iliyokatwa pana kuliko gauni lenyewe.

Kulikuwa na kitu kingine kilichoukunja uso ule, ila yeye hakuwahi kukihesabu. Mama yake alikuwa kiziwi. Maradhi yalimziba masikio Pini akiwa bado anajifunza kusema, na kusoma maandishi mama hakujua, basi mtoto akajifunza kusema kwa midomo. Hakutoa sauti. Aliunda kila neno polepole, akipanua, akikaza, nyusi zikipanda na kushuka, na mama akijibu kwa sauti yake ya kawaida. Majirani waliwacheka: "Wale wawili wanaongea kama samaki." Lakini huyo samaki mdogo alisengenya mtaa mzima bila mtu kusikia.

Siku moja akaja bibi harusi kujaribu gauni. Pini alimtambua mara moja. Walikaa dawati moja katika ile miaka michache ya shule. Akainua uso kutoka kwenye pindo, pini mdomoni, akitabasamu, akingoja.

Bibi harusi akamtazama vizuri. "Shikamoo, mama! Nimekukumbuka. Nilisoma na binti yako. Hajambo?"

Cherehani zote karakanani zikasimama.

"Marahaba," Pini akasema. "Hajambo." Akainama, akamalizia pindo.

Wiki ile ile akaenda kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu. Daktari alimgeuza kidevu kwenye mwanga, akamwambia asikimbilie makubwa.

"Paka mafuta ya kuzuia jua kila asubuhi. Usiku nitakupa krimu, itakuwasha kidogo mwanzoni, vumilia. Na ule vizuri, urudishe mwili. Mashavu yako yameanguka kwa sababu ulikonda haraka."

"Itachukua muda gani, daktari?"

"Miezi. Ngozi haina mbio."

"Na kama nataka ya haraka?"

Daktari akavuta pumzi. Ipo miali ya kuchoma ngozi kidogo ili ijijenge upya, akasema. Zipo sindano za kujaza mashavu. Zipo nyuzi zinazopitishwa chini ya ngozi kuyavuta juu.

"Nyuzi?" Pini akacheka. "Hiyo si ingekuwa kazi yangu?"

"Na zipo sindano za kulegeza misuli, mistari ikatulia. Ila kuzunguka mdomo naogopa. Midomo inakuwa mizito kwa miezi kadhaa. Wewe kazini unatumia mdomo? Unaimba, unafundisha?"

"Hapana. Mimi fundi cherehani. Natumia mikono."

Alilijibu hilo kwa moyo mweupe kabisa. Pini hazikumjia akilini, wala mama. Nani anakumbuka kwamba anapumua?

Daktari alimpa krimu tu. Aliipaka mpaka ngozi ikambabuka, mistari ikabaki pale pale, na subira ikamwishia. Akaenda saluni moja ya urembo yenye vioo kila upande. Mrembaji wa pale hakuuliza kazi wala mdomo. "Dada, utatoka hapa msichana," akasema, akamdunga paji, nyusi na midomo yote kuzunguka, kisha akamjaza mashavu.

Baada ya siku chache uso ulitulia. Ulitulia kweli! Akisimama mbele ya kioo cha karakana aliona paji laini kama hariri, na mashavu yamepanda. Fundi mkuu alimzunguka kama anayekagua kitambaa. "Kumbe ndani ya huyu bibi kulikuwa na mjukuu!"

Alipobana pini, zikamdondoka. Zilitawanyika sakafuni, akaziokota akicheka, ingawa kicheko hakikuonekana usoni. Akanunua mto mdogo wa pini. Chai ilimchuruzika kidevuni, akazoea kushika leso. Hayo yote aliyaona ni bei ya uzuri.

Nyumbani, akizungumza na mama, mama alikaza macho, akasogea karibu, kisha akaitikia kwa kichwa. Aliombwa chumvi, akaitikia, akaleta kisu. "Mama anazeeka," Pini akajisemea, akaifuata chumvi mwenyewe. Jioni zikawa kimya. Mama aliketi akitazama barabarani, na akiulizwa lolote aliitikia tu.

Ndipo kaka yake akaja kutoka mji wa mbali. Alikuwa amejenga, ana watoto wadogo, na alitaka mama akaishi kwake. Asubuhi hiyo, wakiwa mezani, alimweleza mama kwa ishara na kwa kupayuka, kama watu wafanyavyo kwa viziwi. Mama alielewa. Kisha, kama alivyofanya maisha yake yote kabla ya kuamua jambo, akageuka kumtazama bintiye usoni.

Pini akamshika mama mkono, akasema kwa midomo, "Mama, mimi sitaki uende. Nyumba hii bila wewe ni kuta tu."

Mama aliitazama ile midomo muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa, akampigapiga mkono. Pini akapumua. Alikuwa na gauni la kukabidhi, bibi harusi mwingine anangoja, akaondoka kwenda kazini.

Aliporudi alasiri, kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa, na kanga zake hazikuwepo kwenye kamba. Jirani aliyekuwa anafagia uwanja akamwambia, "Wameondoka mchana. Mama yako kanituma nikuambie ubaki salama." Akampigia kaka simu, na kaka akashangaa: "Lakini mama amesema umemruhusu."

Pini akagusa midomo yake mizito, akaelewa; maneno yale hakutaka yafikishwe kwa kupayuka, wala hakuwa na ujasiri wa kumfuata mama na uso ule. Alingoja. Dawa iliisha taratibu, mwezi baada ya mwezi. Kwanza nyusi zilisogea, kisha midomo. Mikunjo ilipojirudia yote akaomba ruhusa, akasafiri.

Alimkuta mama barazani kwa kaka, amepakata mjukuu wa mikono minene, mtoto wa mwisho wa kaka. Pini akapiga magoti mbele yake, akasema kwa midomo tena maneno yale ya siku ile, neno kwa neno. Mama akayasoma mpaka mwisho. Machozi yakamlengalenga.

"Sasa ndiyo unaniambia?"

"Nilikuambia siku ile ile."

"Midomo yako ilikuwa haisemi kitu, mwanangu. Nilikuwa naitikia tu, nisikuudhi. Nikatazama uso nijue. Nao ulikuwa umetulia. Nikasema, mtoto wangu amechoka nami, sasa anapumua."

"Basi turudi, mama."

Mama akamfuta mtoto mate, akamlaza begani. "Huyu halali bila mimi. Nimeshaota mizizi hapa. Ungenikuta mwezi ule wa kwanza... nililia sana mwezi ule."

Wifi akatokea mlangoni, mwiko mkononi. Hakupayuka. Akaunda neno kwa midomo, polepole, bila sauti, nyusi juu: chakula.

Mama akainuka mara moja.