Malimwengu ya Mfukoni

Dobi hakuwa mtu wa maneno. Mkewe ndiye aliyekuwa na maneno ya kutosha nyumba nzima, na yaliyobaki akawagawia majirani. Ndiyo maana alipofariki nyumba ilinyamaza kabisa. Ukisikia sauti, ni maji yanamwagwa au pasi inatua.

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili, cha nyuma cha kulala, cha mbele cha kazi. Cha mbele kina meza ndefu iliyotandikwa blanketi lenye alama za moto, pasi ya mkaa, makarai mawili, na mlango wa kutokea uani kwenye kamba za kuanikia. Nyuma ya mlango huo kuna msumari, na kwenye msumari ilining'inia aproni ya marehemu, ya buluu, yenye mfuko mmoja mpana kwa mbele. Aliivua asubuhi akasema kichwa kinamgonga, anajilaza kidogo. Hakuamka. Tangu hapo hakuna aliyeigusa.

Binti yao, aliyeolewa mtaa wa pili, alikuwa akija kumsaidia baba kuanika. Siku moja mvua inanyesha aliufunga mlango, akanusanusa, akainua upindo wa aproni.

"Baba, hii imeshika ukungu."

"Nimeona."

"Umeona, halafu?"

Dobi akapuliza makaa. Alikuwa ameona tangu mvua zianze. Vidoa vyeusi, kwanza kwenye mkanda, kisha vikashuka na mshono. Mtu aliyefua nguo za watu maisha yake yote haambiwi ukungu ni nini. Ukiuacha unakula nyuzi, na nguo uliyoichelewesha inakuchanikia mikononi ndani ya maji.

"Nipe niifue mimi."

"Iache."

"Itaoza, baba."

"Iache, mwanangu."

Binti akaiacha. Alimjua baba yake. Ukimsukuma, anakakamaa kama kola iliyozidishiwa wanga.

Kuifua aproni ile kulikuwa na mambo mawili. Harufu yake ingekwenda na maji. Hilo dobi alishaanza kulikubali, maana ukungu wenyewe ulikuwa umeimeza nusu. La pili ndilo lililomshinda: nguo haiingii majini katika nyumba ile kabla mifuko haijapekuliwa, na aliyeiweka sheria hiyo ni marehemu mwenyewe.

Aliiweka mwaka waliooana. Karani mmoja alileta shati lake, na dobi, kijana bado, akalitumbukiza pamoja na mashati mengine meupe bila kulipekua. Kumbe mfukoni kuna kalamu. Mashati yote yakatoka na rangi ya wingu zito. Karani alifoka mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza. Kesho yake bi harusi akaketi mbele ya kapu, akaanza kugeuza mifuko nje, mmoja baada ya mwingine, ikawa inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Vilivyotoka akavimwaga kwenye sinia la bati: vifungo, njiti za kiberiti, tiketi za basi, kitana kilichong'oka meno.

"Malimwengu kwanza," akasema. "Maji baadaye."

Dobi akashangaa. Neno alilijua kama watu wote wanavyolijua. Malimwengu ni mambo ya dunia, yale yanayompandisha mtu leo na kumshusha kesho, na watu hulitaja wakitikisa kichwa. Hakuwahi kusikia mtu akiita kitana malimwengu.

"Umelitoa wapi hilo?"

Akamweleza. Alilelewa na bibi yake, na bibi kila kitu alikifunga kwenye pindo la nguo: sindano, ufunguo, kipande cha sabuni. Kila akienda kulala alilifungua fundo, akavipanga vitu vyake juu ya kigoda, akaviambia, "Haya, malimwengu, kaeni hapo. Mie nalala." Mtoto akakua akijua hilo ndilo jina la vitu hivyo. Alipokuja kusikia kwamba wenzake wanamaanisha mambo makubwa, hakubadili.

"Makubwa yapi?" alimuuliza mumewe. "Ufunguo ukikupotea, mume wangu, utalala nje na makubwa yako."

Karani naye, hasira zilipopoa, alijaribu kumsahihisha. "Mama, malimwengu ni misukosuko ya dunia."

"Na kitana hiki ni cha akhera?"

Karani akacheka mwenyewe. Baada ya hapo kila akija kuchukua nguo alisema, "Nipeni shati langu na malimwengu yangu." Wateja wengine wakalidaka, na mtaa mzima ukawa unasema hivyo.

Sasa malimwengu ya mwenye neno yalikuwa kwenye msumari, na dobi hakuthubutu. Mkewe aliondoka bila kuaga. Maneno yote yale ya miaka yote, na la mwisho likawa kichwa kinagonga. Labda mfukoni mle kuna kitu. Kitu gani, hakujua. Barua haiwezi kuwa, maana hakuna kati yao aliyejua kuandika. Lakini mfuko ukiwa haujaguswa, kitu hicho kimo. Akiupekua na asikikute, basi tena.

Siku jua lilipochomoza alikwenda mwenyewe msumarini. Alishika mkanda kwa vidole viwili tu, na uzi ukakatika. Akasimama ameushika. Kisha akamwita binti yake.

"Lete sinia."

Binti alilileta. Dobi akautia mkono mfukoni, akatoa kimoja kimoja. Kibanio cha nguo cha mti. Chaki ya kutia alama. Vifungo viwili vya shati. Sindano iliyochomekwa kwenye kitambaa. Halafu peremende tatu, na makaratasi matupu ya peremende, mengi, yamekunjwa vizuri.

Akageuza mfuko nje. Hakuna kingine.

Daktari alikuwa amemkataza mama yule sukari, na dobi alilificha kopo la sukari kwenye sanduku lake na kutembea na ufunguo. Mdomo wa mkewe ukionekana unatafuna, jibu lilikuwa ni karafuu, za meno.

"Mama yako mwizi," dobi akasema.

"Kaiba nini?"

"Karafuu zake ndizo hizi. Na mimi nimelinda kopo kama askari."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko kikamwishia njiani, akakaa juu ya kapu la nguo. Binti akamwekea mkono begani.

"Ulikuwa unatafuta nini, baba?"

Dobi akakitazama kibanio.

"Bibi ya mama yako alikuwa akiyaweka malimwengu yake chini ndiyo alale. Mama yako hakuyaweka. Alijua ataamka arudi kuanika."

Alikamua ndimu, akatia chumvi, akapaka palipo na ukungu. Akafua kwa mikono miwili, taratibu, bila kupiga wala kusokota. Mshono mmoja uliachia, na madoa mengine hayakutoka. Maji yakawa ya buluu kidogo. Akayamwaga.

Binti alikuwa bado na sinia mkononi. "Na hizi peremende?"

"Zimeyeyuka?"

"Zimegandamana na karatasi."

"Nipe moja. Nawe chukua yako."

Wakatoka uani mashavu yametuna. Dobi akaitandaza aproni kambani, mfuko ukiwa bado nje. Upande mmoja ukakosa cha kuubana. Akarudi ndani, akakichukua kibanio kwenye sinia, akaja akaubana nacho.