Kumaliza Dawa

Kwetu Bagira, mutaa wetu wa mulimani, mutu akisema "nimemaliza dawa," watu wanashukuru Mungu pamoja naye. Maana yake amepona. Ukipata malaria unapewa vidonge, unamaliza, unarudi ku kazi. Minyoo ni vilevile. Hivyo ndivyo mama yangu alinilea, na hivyo ndivyo na miye nililea watoto wangu saba.

Bwana yangu alikuwa fundi wa nguo. Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati kila mwanaume mwenye kiti mu ofisi alikuwa anatafuta abacost, ile koti isiyo na kola. Wengi walitoka mujini wakapanda mpaka kwetu, sababu mukono wake ulijua kukata. Majina ya wateja wale ninayo yote kichwani, yale ya ubatizo na yale mapya serikali iliyowalazimisha kuchukua, lakini hapa sitaandika jina la mutu. Wengi wamekufa, na watoto wao wako.

Alianza kulalamika kichwa, kule nyuma, karibu na shingo. Alisema ni macho, sababu ya kushona uzi mweusi ku kitambaa cheusi. Siku moja damu ilimutoka puani ikaangukia koti ya mteja. Hapo ndipo alikubali twende ku dispensaire.

Munganga alikuwa kijana, Mushi, kabila moja na siye. Alimufunga ku mukono ile kitambaa ya kupimia tension, presha ya damu, akapompa, akasikiliza, akapompa tena. Nilifikiri atamupa dawa palepale. Hakumupa.

"Papa, leo umepanda mulima kwa miguu, na tena unaniogopa. Tension ya siku moja inaweza kudanganya. Urudi juma ijayo, upumuzike kwanza pale ku benchi."

Tulirudi, tukapumuzika, ikawa ileile. Bado hakumupa dawa. Aliuliza tunakula nini, nikamutajia bugali, sombe, maharagi, na makayabo siku ya Mungu. Akasema ile samaki ya chumvi iishe kabisa, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ipunguke. "Tuone mwezi moja. Nikikuanzishia dawa, ni safari murefu. Sitaki nikutume bure." Tulisikia "safari murefu," tukafikiri chupa itakuwa kubwa.

Jirani yetu, dereva wa kamyo, alikuja kukaa ku baraza, akacheka mpaka machozi.

"Tension? Weye? Ile iko ugonjwa ya ba-directeur! Unabashonea manguo, sasa unachukua na magonjwa yabo?"

"Labda ilinichoma na sindano," bwana yangu akajibu, tukacheka wote.

"Ao ni maman iko nakupa mawazo mingi?" dereva akauliza.

Hapo hakuna mutu aliyecheka. Kwetu tension ni ugonjwa wa mawazo, na mawazo ya mwanaume yanasemwa kwamba yanatoka mu nyumba yake. Nilibeba sufuria nikaingia ndani. Tangu ile siku bwana yangu hakutaja tena neno tension mbele ya watu. Alisema tu, "kile kitu."

Mwezi ukapita bila chumvi na karibu bila kasiksi, na kile kitu hakikushuka. Munganga akaandika dawa, kidonge kimoja kila asubuhi. Chupa tuliyonunua ku farmasi ilikuwa na vidonge thelathini. Bwana yangu alikunywa vizuri, sitamusingizia. Kichwa kikaacha kuuma, akarudia kupiga miluzi ku mashine. Asubuhi ya mwisho aligeuza chupa juu chini ku kiganja, akaniambia, "Nimemaliza." Nilisema Mungu asifiwe. Akaosha chupa, akaweka vifungo vya abacost ndani.

Tulikaa miezi mbili hivyo. Halafu kichwa kikarudi, na sasa hata vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Tukapanda tena.

Munganga alipima mara tatu. Kila mara uso wake ulikuwa unafunga zaidi.

"Papa, dawa ulimaliza?"

"Nilimaliza, munganga."

"Yote?"

"Yote. Hata moja haikubakia. Uliza mama ya batoto."

Munganga akaniangalia, nikaitika. Ilikuwa kweli.

Alishika kalamu bila kuandika. Akaongea kama mutu anayejisemesha mwenyewe. "Mutu akikunywa yote, na bado inapanda hivi, basi ile dawa haimutoshi. Niongeze ileile, ao niweke ya pili juu yake." Akaongeza: "Ao hakukunywa. Lakini papa iko mutu ya kweli."

Nilifahamu kwamba wale wanaume wawili wanasema neno moja na kila mutu anaona kitu chake. Mu kichwa cha munganga, bwana yangu alikuwa amemeza kidonge hata asubuhi ileile.

"Munganga..." nikasema.

Bwana yangu akageuka. Hakukasirika. Aliniangalia vile unamwangalia mutu anayetaka kukuvua nguo mbele ya watu. Siye Bashi, mwanamuke hasahihishi bwana yake mbele ya mwanaume mwingine. Nimesikia watu wakisema ile ni ya zamani. Ile siku haikukuwa ya zamani.

"Ndiyo, maman? Ulitaka kusema?"

"Nilikuwa nauliza kama anaweza kula limau."

"Limau haina shida, maman."

Akaandika dawa mbili, ile ya kwanza na ingine kali. Mu njia ya kurudi ndipo nilifungua kinywa. Nilimwambia bwana yangu, "Munganga anafikiri ulikuwa unakunywa mpaka leo."

"Weye ulisoma wapi? Yeye mwenyewe aliandika hesabu. Angetaka ninywe kila siku bila mwisho, angeniandikia vidonge thelathini tu?"

Ningekuwa na jibu, ningerudi kwa munganga. Hivyo ninapenda kuamini.

Alikunywa zote mbili. Siku za kwanza akisimama alikuwa anashika mashine, dunia inamuzungukia. Alisema dawa ni kali kuliko ugonjwa wenyewe, lakini alivumilia sababu alijua ina mwisho. Mwisho ukafika. Hakwenda kununua ingine.

Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, asubuhi, watoto wameenda masomo. Nilikuwa nachagua maharagi. Nikasikia makasi imeanguka chini, na baadaye kimya, mashine haikuanza. Nilimukuta amekaa palepale ku kiti. Mudomo ulikuwa umeenda upande, na mukono wa kuume unaning'inia kama mukono wa koti ambao haujashonwa vizuri. Alikuwa anasema kitu. Maneno yalitoka maji-maji, hayana mwisho.

Munganga alikuja yeye mwenyewe mpaka nyumbani. Nilimwambia yote pale mulangoni: hakuwa anakunywa, tangu lini, na kwamba ile siku ya limau nilijua. Akakaa ku kiti ya wateja.

"Ningejua, nisingemuwekea ya pili," akasema. "Ningemurudishia ya kwanza, na ningemueleza tena." Nilingoja anitukane. "Miye niliuliza vibaya, maman."

Angenitukana, ningelala vizuri zaidi.

Baadaye, nikikaa ku benchi ya dispensaire, nilikuwa namusikia kupitia mulango akiuliza wagonjwa wengine: "Leo asubuhi ulikunywa? Na jana?" Neno kumaliza sikulisikia tena mu kinywa chake.

Bwana yangu aliishi miaka kadhaa vile. Ule mukono haukurudi. Wateja walikuja kumusalimia, wakapungua, wakaisha, na mashine nikaiuza kwa fundi mwingine wa Kadutu. Kila mwezi nilimushika kiuno tukapanda kwa munganga. Munganga alimwangalia yeye kwanza, kwa heshima, halafu aligeukia miye, na miye nilijibu kila kitu: siku gani alikataa kidonge, siku gani alikitema, siku gani alilia. Bwana yangu alikaa katikati yetu, anasikiliza bibi yake anavyosema habari za mwili wake kwa mwanaume mwingine. Mara zingine mukono wake wa kushoto ulitafuta kikwembe niliyojifunga, ukaivuta, polepole, kama kusema: nyamaza.

Niliendelea kusema.