Komanda mbele ya antene

Wiki iliyopita, tukitoka Butembo kwenda Beni, askari wa bariere, wenye kufunga barabara na kamba, walimushusha kwenye kamyo yetu ya mizigo mama mmoja, mwalimu wa fizike, pamoja na antene yake ya sahani. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya magunia yangu ya maharagwe, nikaona yote.

"Unaongeaka na adui," komanda wao akasema. "Hii kintu inabakia hapa. Na weye pia."

"Hapana, chef. Hii inasikiaka tu. Mahesabu inasema mbingu ingali na joto kidogo ya mwanzo wa dunia. Ndio maana najenga chombo ya kuipima. Hii ni ya kwanza, ya kujaribia."

"Uongo."

Mwalimu akaamua kumuonyesha. Alifunga betri na kipaza sauti, akageuza sahani kwenye mbingu tupu. Ikalia kidogo, kama mbu. Akaigeuza kwenye jua, sauti ikapanda.

"Kila kintu yenye iko na moto inatoaka sauti, hata mwili wa mutu, na ya karibu inalia zaidi. Simama hapa mbele, chef."

Komanda akasimama, kifua mbele. Sahani ikalia kama mbuzi anayechinjwa.

"Chef," askari mmoja akasema, "kumbe adui ni weye?"

Bariere nzima ikacheka. Komanda akajikaza, mwisho naye akacheka.

"Na ule mwanzo wa dunia, sauti yake inapita yangu?"

"Hapana, chef. Iko kidogo sana. Inaomba batu banyamaze."

Akanyamaza. Tangu vita ianze nimepita bariere nyingi, na huyo ndiye komanda wa kwanza niliyemuona ananyamaza. Mwalimu akapanda tena kamyo, kamba ya bariere ikashushwa. Sahani iliingia Beni nzima, juu ya maharagwe yangu.