Anafundisha Kuvuka Barabara Katika Kijiji Kisicho na Gari

Saa moja kasorobo asubuhi, umande bado umelala kwenye nyasi, na katikati ya uwanja wa mpira wa shule tayari kuna msongamano wa magari.

Gari la kwanza ni mwalimu mkuu msaidizi juu ya baiskeli yake. La pili ni toroli la kubebea mchanga. Anayelisukuma ni mlinzi wa shule, na injini anaiunguruma mwenyewe kwa mdomo hadi mate yanamruka. Mistari ya kivuko imechorwa kwa majivu. Kwenye mlingoti wa goli umetundikwa ubao wenye mikebe mitatu, mmoja mwekundu, mmoja wa njano na mmoja wa kijani, kila mmoja na kitambaa chake cha kuufunika.

"Magari yameonyeshwa mkebe gani?" anauliza mwalimu wa darasa la sita, mwanamke mfupi mwenye kofia pana ya ukili.

"Mwekundu!" wanajibu watoto thelathini na wanne.

"Kwa hiyo tunavuka?"

"Bado! Tunaangalia kulia, tunaangalia kushoto, tunamwangalia dereva machoni!"

Wanavuka wawiliwawili, mikono imeshikana. Wanapofika katikati, baiskeli inakuja mbio bila kujali mkebe. Wasichana wa mbele wanapiga yowe na kurudi nyuma, foleni nzima inaangukiana.

"Dereva huyo kalewa," anasema mwalimu bila kucheka. "Na mjini wapo wa namna hiyo. Rudieni."

Kijijini hapa hakuna gari hata moja. Barabara ya karibu inayopita magari iko kilomita kumi na tisa, na kuifikia ni lazima kuvuka mto kwa miguu. Mvua zikianza, mto hujaa na kijiji hufungwa miezi minne. Lakini siku kumi kuanzia leo, watoto hawa watavuka mto huo, watapanda lori, kisha basi, kisha treni, hadi jiji kuu lililo zaidi ya kilomita mia sita.

Hii itakuwa safari ya nane anayoiongoza mwalimu huyu. Hadi sasa amekwishapeleka watoto mia mbili na tisa, na wote amewarudisha kwa mama zao. Wanakijiji wamemwacha na jina moja tu, Mwalimu Tembea.

"Jina langu la kuzaliwa lipo kwenye karatasi za mshahara," anasema, akiipangusa miguu majivu. "Huku mtaani hata mume wangu ananiita Tembea. Nikikasirika ndiyo anakumbuka lile jingine."

Yote yalianza na insha.

Miaka minane iliyopita, mtihani wa majaribio wa wilaya uliwataka watoto wa darasa la sita waandike kuhusu "Siku Niliyosafiri kwa Treni". Mwalimu alisahihisha daftari moja baada ya jingine nyumbani kwake, kwenye meza ambayo mumewe, fundi seremala, aliitengeneza kwa mbao za masalia. Wengi walikuwa wameacha ukurasa mtupu. Msichana mmoja, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amejaza kurasa mbili.

Mwalimu bado anayakumbuka maneno yake. "Treni yetu ni nyeusi na ina doa jeupe kichwani. Tulisafiri nayo hadi mtoni ikanywa maji. Jioni baba aliifunga kamba ili isipotee."

"Nilicheka mpaka machozi yakanitoka," anasema. "Halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Mtoto ana mwandiko mzuri, hajakosea nukta wala mkato, na mwongozo wa kusahihisha unaniambia nimpe sifuri. Kosa lake ni lipi? Kuzaliwa ng'ambo hii ya mto?"

Kilichomuuma zaidi ni kwamba yaliwahi kumpata yeye mwenyewe. Alizaliwa kijiji cha jirani, na treni aliiona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na miwili, akienda chuo cha ualimu. Ilipoingia stesheni ikipiga honi, alitupa sanduku lake la bati akakimbia. Abiria walicheka. Kijana mmoja alimwigiza mbio zake njia nzima.

"Hadi leo nikiisikia honi, nasikia kwanza kile kicheko," anasema. "Nikaapa, hawa wangu hawatachekwa kwa jambo ambalo hawakulichagua."

Kuapa ni kazi nyepesi. Wazazi waliposikia kwamba mwalimu anataka kuwapeleka watoto jiji kuu, mkutano wa shule uligeuka soko. Mmoja aliuliza ni nani atawajibika mtoto akipotea. Mwingine aliuliza kama treni inajibu maswali ya hesabu. Baba wa yule msichana wa insha, mfugaji asiyependa maneno mengi, alisimama, akasema, "Wangu haendi," akakaa.

Mwalimu alimfuata nyumbani mara tatu. Mara ya kwanza alikaribishwa maji. Mara ya pili aliambiwa mzee katoka, ilhali kikohozi chake kilisikika nyuma ya nyumba. Mara ya tatu hakubembeleza. Alitoa daftari akamsomea insha ya bintiye, neno kwa neno.

Mfugaji huyo, ambaye sasa mvi zimemjaa, anaikumbuka siku hiyo vizuri.

"Alipofika kwenye doa jeupe nikamwambia, 'Ngoja, Mwalimu. Huyo ni fahali wangu.' Akasema, 'Ndiye, baba.' Nikauliza, 'Sasa amepata ngapi?' Akasema, 'Sifuri.' Sifuri! Kwa fahali wangu yule!" Mzee anapiga goti lake kwa kiganja. "Nikasema basi, mpeleke akaione hiyo treni, ili siku nyingine asinichanganyie mifugo."

Alitoa ruhusa, na juu yake akatoa punda wawili wa kubeba mizigo hadi barabarani. Walipoona mgumu huyo kalegea, wengine nao wakalegea. Darasa lililima bustani ya mboga na kuuza mavuno, mwalimu akaongeza nusu ya mshahara wake wa miezi miwili. Watoto ishirini na sita waliondoka kijijini alfajiri ya siku ya Jumatano, wengi wao bila viatu.

Mipango ikaharibika kabla ya adhuhuri. Lori lililoahidiwa lilichelewa kwa saa tatu, basi nalo likapasuka gurudumu. Walipoingia stesheni alasiri wakikimbia, mabehewa ya mwisho yalikuwa yanakata kona. Treni nyingine ya abiria ingekuja baada ya siku tatu.

"Nilikaa chini palepale kwenye sakafu," anasema Mwalimu Tembea. "Nikajisemea, nitawaambia nini wazazi? Kwamba nimewatembeza watoto wao kilomita kumi na tisa kuja kuangalia reli?"

Mkuu wa stesheni, mwanamume mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuja kuuliza ni shule gani imekalia njia ya abiria. Akaelezwa yote. Aliwatazama watoto waliojipanga ukutani na vumbi limewafika magotini, akarudi ofisini, akainua simu. Mlango ulikuwa wazi, kila neno lilisikika. Kulikuwa na treni ya mizigo jioni, nyuma yake lingefungwa behewa la wafanyakazi lililo tupu. Je, angeweza kuwapakia wanafunzi? Aliyekuwa upande wa pili alikataa. Alipiga tena kwa mkubwa zaidi. Naye akaanza kukataa.

Hapo mkuu wa stesheni alifanya jambo ambalo mwalimu hakulitarajia. Alimwita mtoto aliyekuwa karibu zaidi na mlango, akampa simu. "Mweleze mwenyewe," akamwambia.

Mtoto huyo alikuwa yule msichana wa insha. Hakuwahi kushika simu ya mezani maishani mwake, na aliishika juu chini. Mkuu wa stesheni akamgeuzia.

"Shikamoo," alisema. Akasubiri kuitikiwa. "Sisi tumetembea tangu alfajiri. Treni tumeiona mgongo tu. Tunaomba tuione na uso."

Kisha kicheko kikubwa kilitoka kwenye simu, kikasikika hadi nje, na kile kilikuwa kicheko cha aina nyingine kabisa.

"Nilijua tumepata," anasema mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yaanze anaivua kofia. "Lakini niseme kweli, kupata kulikuwa nyongeza. Mtoto wangu, wa mtoni kule, aliyeandika ukurasa wa kupata sifuri, amesimama mbele ya wakubwa akasema shida yake kwa maneno matatu ikaeleweka. Kifua kilinijaa. Ningekufa saa ile ningekufa nimeridhika."

Jioni ile, dereva wa treni ya mizigo alimruhusu kila mtoto kupanda kwenye kichwa cha treni kwa zamu na kugusa mpini wa breki. Alipopiga honi, wanane waliingia chini ya viti. Hakuna aliyewacheka isipokuwa wao wenyewe.

Jijini hawakupata yote kwa ulaini. Walilala kwenye madarasa ya shule moja iliyowakaribisha, na asubuhi yake walikwama ukingoni mwa barabara ya njia nne kwa zaidi ya nusu saa, wakiogopa kuteremsha mguu. Muuza magazeti mmoja ndiye aliyeingia barabarani, akayasimamisha magari kwa gazeti lililokunjwa. Wachache waliokuwa na viatu vipya walichubuka hadi wakavibeba mkononi mbele ya makumbusho.

Tangu hapo, mazoezi ya barabara huanza wiki tatu kabla ya safari. Ubao wa mikebe ni kazi ya mumewe. Na sebuleni mwa mwalimu, nyuma ya mlango, kuna gunia la viatu vya kila saizi, jozi arobaini na moja, ambavyo watoto huazimwa mapema ili nyayo zivizoee. Ukutani zimebandikwa picha saba za safari saba. Ya mwaka mmoja haipo, kwa sababu mto ulikataa.

"Kwenye chumba hiki mimi ndiye mgeni," anatania mumewe, akisogeza gunia ili apate pa kupita. "Viatu ndivyo wenyeji. Lakini nikimsikia akiwaita watoto majina barabarani, nasema na iwe hivyo."

Mwaka uliofuata safari ile ya kwanza, watoto kumi na tisa kati ya wale ishirini na sita walifaulu kwenda sekondari. Kabla ya hapo, shule haikuwahi kuvusha zaidi ya watano. Mwalimu hasemi kwamba ni treni iliyowafaulisha.

"Treni haifundishi sehemu wala desimali," anasema. "Ila mtoto aliyeuliza akajibiwa, huuliza tena. Darasa likawa na kelele ya maswali. Mimi naipenda kelele hiyo."

Msichana wa insha yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Alipoulizwa kwa simu kama bado anapenda treni, alicheka. "Inatikisa mno. Mimi napanda basi," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini mwalimu wetu wa chuo akiuliza nani atazungumza na daktari mkuu, wenzangu wananisukuma mimi. Wanasema mimi siogopi wakubwa. Hawajui nilianzia wapi."

Baba yake sasa ni mwenyekiti wa kamati ya safari. Mzazi yeyote anayesitasita hupelekwa kwake, na inasemekana hakuna aliyewahi kutoka na jibu la hapana. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," ndilo neno lake la kwanza. La pili ni habari za fahali.

Mwaka huu Mwalimu Tembea ana jambo jipya. Katika safari saba, watoto wa jiji wamekuwa wenyeji na wa kwake wamekuwa wageni. Anaona deni la heshima limekuwa kubwa. Mwezi uliopita alimwandikia mwalimu mkuu wa shule ile inayowapokea, akaomba darasa lake nalo lije kijijini, wiki moja, mara mto utakapopungua.

Jibu lilikuja kwa upole, lakini liliuliza, watoto wa jiji watakuja kuona nini huko?

"Sikujibu mimi," anasema mwalimu. "Nililisoma darasani, nikawaachia wenyewe."

Watoto walijaza kurasa sita. Waliandika kwamba watawaonyesha ndama anavyozaliwa, na nyota ambazo taa za mjini zinazifunika, na jinsi ya kujua kimo cha maji kwa fimbo. Mmoja aliandika kwamba watawafundisha kukamua, "lakini wasianze na ng'ombe wetu mwekundu, ana hasira." Kurasa hizo zilipelekwa kama zilivyo.

Wiki iliyopita jibu la pili lilifika. Wageni ni ishirini, pamoja na walimu wawili. Habari ilipoenea, kaya thelathini na nane ziliomba kupewa mgeni wa kulaza, na nyumba mbili tayari zimenuniana.

Mwalimu atalazimika kuwagawa kwa kura ya bahati, jambo ambalo hakuwahi kudhani litamfika katika kijiji ambako mzazi aliwahi kumkwepa nyuma ya nyumba.

"Naomba Mungu anipe uzima tu," anasema. "Siku hiyo nitatoka mapema na watoto wangu wote, tusimame pale barabarani kama wenye kwao. Lori likisimama, wale wakateremka wanashangaa, wangu watawapokea mizigo na kuwaambia, 'Msiogope, sisi tunaijua njia.' Nikiyasikia hayo kwa masikio yangu, nitakuwa nimefundisha."

Kengele inalia. Anavaa kofia yake, anaingia darasani.