Saa Mbili za Deodata

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema watu. Na mlezi je? Wanaosema hivyo hawakumjua Deodata wa Rulenge.

Mwaka ule wa tisini na nne, wakimbizi walipomiminika kambini Benaco kutoka Rwanda, Deodata alikwenda huko kuuza ndizi, akamkuta Ishimwe kando ya njia, katoto ka miaka minne hivi. Mama yake alikuwa amemwambia, "Nisubiri hapa, nateka maji," akapotelea kwenye umati. Deodata alisubiri naye mpaka jua likazama, kisha akambeba mgongoni wakaenda nyumbani. Tangu hapo, akitaka kutoka hata kwenda kisimani tu, Ishimwe humshika kanga: "Usiondoke bila kuniaga." Naye humwapia, "Siwezi, mwanangu."

Miaka mitatu baadaye akapatikana mjomba, yuko Nairobi. Karani wa shirika moja la watoto akaja kumchukua Ishimwe akalale Ngara mjini, kesho yake apande ndege. Deodata akamwapia mtoto tena: hutapanda kabla sijakuaga.

"Nairobi ni mbali," akamwambia karani.

"Kwa barabara ni siku mbili tatu, mama."

"Na ndege saa ngapi?"

"Saa mbili tu. Usiwe na wasiwasi."

Lile "tu" lingemshtua mtu aliyezaliwa na Kiswahili. Deodata alizaliwa na Kihangaza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na sokoni saa mbili ni saa mbili, asubuhi watu wanapotandaza bidhaa. Mimi simlaumu. Ninayemlaumu ni karani, aliyemsikia mama akimwapia mtoto asijiulize anataka kujua nini.

Alfajiri Deodata akadandia lori la mahindi, na furushi la karanga za kukaanga mkononi. Saa moja na nusu alikuwa uwanjani, anajisifu moyoni kwamba amewahi. Palikuwa na ng'ombe wanakula majani, na mlinzi, mzee Alfonce.

"Shikamoo, mzee. Ndege ya watoto haijaja?"

"Marahaba. Imeondoka saa moja, mama."

"Waliniambia saa mbili."

"Saa mbili ni za njiani, mpaka Nairobi." Mzee akaongeza: "Kuna mmoja aling'ang'ania mlango. Anasema mama yake hajamuaga."

Deodata akaketi chini, akalia bila kujificha. Mtoto yule alikuwa amesubiri kwa mara ya pili mama asiyetokea, na mara hii mama mwenyewe alikuwa yeye.

Alfonce akamshauri awahi lori lile lile, linageuza. Akakataa.

"Bado yuko njiani," akasema. "Nitakaa naye mpaka afike."

Akageukia mashariki, furushi mapajani. Mzee alipomwambia kwamba sasa ni saa tatu, watakuwa wameshatua, akainuka na kujifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Ishimwe, mwanangu," akasema, "mimi naondoka sasa."