Hakimu Aliyekuja na Habari Mbaya

Tewabech Lemma alirithi mdomo wa baba yake. Mzee Lemma alikuwa bingwa wa kubishana kesi hapa Dessie, enzi ambazo kesi ilisikilizwa palepale ilipoanzia. Wagombanao walifungwa pamoja kwa ncha za shuka zao, na mpita njia wa kwanza akaitwa kwa jina la mfalme awe hakimu. Hakuweza kukataa. Kila hoja iliwekewa dau, atakalolipa mwenye kushindwa: "Asali!" "Nyumbu!" Sisi watoto tulitoroka kazi za nyumbani kwenda kusikiliza, na shule yangu mimi ilikuwa hiyo. Siku hizi watu wanagombana kwa vidole, kila mmoja na simu yake, wala hakuna anayeombwa kuamua lolote.

Redio yetu ya mji ilimpa Tewabech saa moja kila Alhamisi alasiri. Aliwaalika walimu wa sheria wa chuo kikuu waje kueleza wanayoyaandika. Hakuwapeleka studio. Alibeba kipaza sauti hadi kilabu cha tej, pombe yetu ya asali, akawakalisha mbele yetu sisi wanywaji. Msomi akianza kupaa, alimkata: "Daktari, teremka. Yule mama mwenye birika hajakuelewa, na mimi najifanya tu."

Lakini Demissew, meneja wa redio, alikuwa ameanza kunung'unika. Alitaka saa ile wapewe wachambuzi wa mpira wa Uingereza. "Nani anasikiliza sheria, dada yangu?" Tewabech alijua kwamba Alhamisi inayokuja huenda ikawa ya mwisho, na kipindi hicho ndicho kilichobaki cha baba yake.

Siku hiyo alimleta Daktari Habtewold, aliyeandika makala ndefu kuhusu kundi la nyuki linalohama mzinga na kutua kwa jirani. Alimleta pia Mwalimu Asnakech, mwanafunzi wa zamani wa Daktari, aliyeandika makala nyingine ya kumpinga. Mwanzo ulikuwa msiba. Daktari alisoma karatasi, wanywaji wakapiga miayo. Mmoja akauliza kama mpira umeshaanza.

Tewabech akainuka, akashika ncha ya shuka ya Daktari, akaifunga fundo na mtandio wa Asnakech.

"We mama! Mke wangu ana redio!" Daktari akamaka.

"Basi atasikia kwamba umefungwa, hukujifunga. Weka dau, useme."

Kilabu kizima kikaangua kicheko. Habtewold akalitazama fundo, akatutazama sisi, na nikamwona babu yake, mbishani wa enzi zile, akiamka usoni mwake. Akavua miwani, akasimama.

"Asali! Nyuki ni wangu! Nimewafuata mbio, sijawapoteza machoni, miiba hii hapa shingoni! Wametua juu ya mti wako. Kwani mti ndio uliowalea?"

"Nyumbu!" akadakia Asnakech. "Umekuja mbio ukakanyaga dengu zangu, ukavunja ua, mtoto wangu kaumwa! Na nyuki si mbuzi, Daktari. Nyuki akikuhama, ameshakuhukumu!"

"Huyu nilimpa alama za juu mwenyewe!"

"Ndiyo maana nakushinda!"

"Hakimu! Hakimu yuko wapi?" Wanywaji wakapiga meza.

Mlango ukafunguka. Demissew akaingia na uso wa mtu aliyebeba habari mbaya.

"Kwa jina la sheria, simama!" akasema Tewabech. "Mpita njia ni wewe. Amua."

"Tewabech, nimekuja kukuambia kwamba kuanzia wiki ijayo..."

"Hakimu hasemi kabla hajasikia!" nikapaza sauti mimi, ambaye sijapaza sauti miaka mingi.

"Gashe Worku, hata wewe mzee wangu?" Demissew akaniuliza, kwa lile "Gashe" la kumheshimu mzee.

"Hata mimi. Keti, mwanangu."

Akaketi. Kwanza alitazama saa yake. Kisha akauliza kama mti uko mpakani. Kisha akauliza kama dengu zilikuwa zimeiva. Akaagiza tej, akawakemea wote wawili kwa kurukiana maneno. Sasa Daktari alieleza vizuri kwa nini mwenye nyuki anatakiwa kuwafuata: asiyefuata chake amekiacha. Asnakech akajibu kwamba anayefuata chake hulipa anachokanyaga. Simu ya kipindi haikunyamaza. Mkulima mmoja alitaka kujua nani anamlipia mtoto aliyeumwa.

Saa ikaisha, Demissew bado ameshika kidevu.

"Siwezi kuamua kwa pupa," akatangaza kwa uzito. "Kesi itaendelea Alhamisi ijayo, saa hiihii, hapahapa."

Ndipo akasikia alichosema mwenyewe.

"Na mpira je?" mnywaji mmoja akauliza.

Demissew akamaliza tej yake. "Mpira utasubiri hukumu."

Daktari akaanza kulifungua fundo. Tewabech akampiga kofi mkononi. "Halifunguliwi kabla ya hukumu, Daktari."

"Niende nyumbani bila shuka, na baridi hii ya Dessie?"

"Fuata nyuki wako mbio, utapata joto," akasema Asnakech.

Wakaondoka wanacheka. Shuka na mtandio vikabaki vimefungana msumarini, juu ya mapipa ya tej, vikingoja Alhamisi.